Ukuta wa Chumba cha Mama

Vita vya ukuta vilianza Jumapili moja ya Januari, baada ya ibada, tukiwa mezani. Mke wangu alimwuliza Mama kwa upole kwa nini siku hizi analala na koti. Mama alitafuna, akameza, akatangaza kwamba ukuta wa chumba chake una baridi, kwamba amevumilia vya kutosha, na kwamba usipotibiwa kabla ya Pasaka atahamia kwa dada yangu Buffalo.

Nilicheka. Wahenga walisema kuna watu huruka majivu wakakanyaga moto, lakini hawakumwona mtu anayekimbia baridi ya Louisville akajisalimishe Buffalo, mji ambao theluji yake huwazibia watu milango wakiwa ndani. Mama hakucheka. Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza, nikarudi kwenye wali wangu.

Mimi ndiye kifungua mimba. Kwetu Warundi, mzazi akihama nyumba ya mwanawe wa kwanza, hakuna anayeuliza habari za hali ya hewa. Watu huuliza mkwe alimfanyia nini. Niliogopa maneno hayo, na sioni haya kusema. Niliogopa zaidi asubuhi ambazo nisingesikia kikohozi chake jikoni na sufuria zake zikigombana.

Halafu kulikuwa na nyumba yenyewe. Ilikuwa mpya, huku Highview, kwenye mtaa ambao nyumba zote zimefanana kiasi kwamba wiki ya kwanza nilihangaika na ufunguo wangu kwenye mlango wa jirani hadi jirani akanifungulia. Aliyetuuzia alituzungusha akirudia neno moja, ya kisasa, ya kisasa, kama mtu anayemwombea marehemu. Na mimi nililibeba neno hilo nikaenda nalo kanisani. Niliwaleta watu wa kwaya, watu wa maombi, hata watu ambao tulikuwa tumenuniana, waje waone nyumba ya kisasa. Sasa niwaambie Mama anagandia ndani yake?

Jambo lililotumaliza ni kwamba Mama alikuwa fundi wa kuta. Kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, baba alipofariki, yeye ndiye aliyefyatua matofali ya udongo, akayaanika, akainua nyumba tuliyokulia. Wanaume wazima walikuwa wakija kumwita akagonge kuta zao kwa kifundo cha kidole, aseme kama zitavuka masika. Alipofika kwetu Highview, siku ya kwanza kabisa, alizunguka nyumba nzima akigonga kila ukuta na kutega sikio. Sisi tulidhani anatubariki. Kwa hiyo mtu kama huyo akisema ukuta una baridi, nani atambishia? Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kuugusa kwanza.

Tangu Desemba, kazini kwetu ghalani, walikuwa wametupunguzia saa. Sikumwambia mtu. Siku nilizotoka mapema niliegesha gari mbele ya nyumba, nikakaa humo garini nikisikiliza redio mpaka saa yangu ya kawaida ifike, kisha nikaingia nikijinyoosha mgongo kama mtu aliyebeba mizigo kutwa. Nilijiona mjanja sana.

Jumapili iliyofuata tuliitisha kikao cha familia kwa simu. Mama hakualikwa, maana ndivyo wazazi wanavyojadiliwa. Dada yangu alikuwa Buffalo, mtaa wa Kensington-Bailey, kwenye nyumba ya mbao iliyozeeka kuliko sisi wote tukijumlishwa. Mdogo wangu alikuwa Columbus, kwenye fleti ya kupanga, na hajawahi kumiliki hata dirisha. Kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa na maoni mengi.

"Kaka," alisema, "usipoziba ufa utajenga ukuta."

Nilimwambia hakuna ufa. Akasema ndiyo maana niuzibe mapema. Methali hiyo aliirudia kila kikao, mwanzo baada ya sala na mwisho kabla ya sala, hadi leo nikiisikia natafuta pa kutokea.

Dada yeye alikuja na ushuhuda. Kuta zake zilikuwa tupu ndani, alisema, mbao huku na mbao huku na katikati upepo unapita kama uko sokoni. Vuli iliyopita alileta mafundi. Walitoboa matundu madogo kwa nje, wakaingiza bomba, wakapuliza pamba ya kuzuia baridi ndani ya ukuta mpaka uwazi wote ukajaa, wakaziba. Tangu hapo analala na kanga moja. Alilitaja hilo la kanga mara tatu.

"Na kama kwako haiwezekani," aliongeza kwa sauti ya asali, "mlete tu Mama. Mimi sina neno."

Sina neno. Mtu akikwambia hana neno, ujue analo, na limekwisha kupigwa pasi.

Mke wangu, ambaye huwahudumia wazee kwenye nyumba yao ya matunzo na amezoea kuuliza maswali mafupi, alikuwa ananisikiliza huku anakunja nguo. Simu ilipokatika alisema hivi: nyumba ni mpya, na nyumba mpya huwekwa pamba kabla ukuta haujafungwa. Tena chumba cha watoto kimepakana na cha Mama, ukuta wa nje ni uleule mmoja, mbona watoto wanalala vifua wazi? Lilikuwa swali zuri sana. Kwa sababu hiyo tuliliacha.

Badala yake kikao kiliamua twende Buffalo kuuona ukuta wa dada. Watu husafiri kwenda kuona mchumba, ng'ombe au kiwanja. Mimi nilitoka Louisville alfajiri, nikampitia mdogo wangu Columbus, tukaendesha siku nzima na theluji ikitupiga usoni, kwenda kuangalia ukuta. Njiani alinieleza kuhusu unyevu, mvuke, na jinsi hewa inavyotembea. Alikuwa ameangalia video. Tulipofika nje ya Buffalo nilikuwa namchukia kwa upendo wote wa kindugu.

Dada alitupokea kwa ugali, dagaa tunaowaita ndagala, na mchicha wetu wa lengalenga, kisha akatupeleka nje tukiwa bado tunalamba vidole. Akapangusa theluji kwa fagio akatuonyesha vizibo, vya duara, safu moja chini ya madirisha, kama makovu ya chanjo. Mdogo wangu alivipiga picha. Kisha akaomba apigwe picha naye akiwa kando ya vizibo. Tukaingia ndani, tukapanga foleni, kila mtu akaweka kiganja ukutani na kukiacha hapo kwa heshima. Dada alitutazama nyuso zetu.

"Mnausikia?"

Tukasema tunausikia. Ulikuwa ukuta. Nilisafiri majimbo manne kugusa ukuta, na ulikuwa ukuta.

Niliporudi Louisville, Mama aliuliza jambo moja tu.

"Wameujaza wote? Hata nyuma ya makabati?"

"Wote, Mama. Mpaka darini."

Aliinamisha uso akakunja ncha ya kitenge chake, akaikunjua. Nilidhani ameona ubora wa nyumba ya binti yake na anaionea huruma yangu. Nikamwuliza basi kama bado anataka kwenda Buffalo.

"Buffalo hapana tena," alisema. "Nitaona pa kwenda."

Hilo lilinitisha kuliko Buffalo. Buffalo angalau iko kwenye ramani. Kesho yake nikamwita shemasi.

Huyu shemasi wetu ni Mkongo wa Bukavu, mtu wa watu, na siku za kazi yuko na kampuni ya kujaza pamba kwenye kuta. Hakuna ibada inayoisha bila yeye kukuuliza nyumba yako inapumuaje. Alikuja Jumamosi adhuhuri na buti zake na karatasi za kusaini. Mama alikaa kitandani, koti limefungwa hadi shingoni, mikono mapajani, akatutazama tulivyojaa chumbani mwake. Shemasi alimsalimia kwa kuinama, akausogelea ukuta, akaweka kiganja, akafumba macho. Nimemwona akifanya vilevile kwa wagonjwa.

"Bon," alisema, neno lake la Kifaransa la kuanzia kila jambo. "Mukubwa, hii ukuta inalia."

"Inalia?"

"Inalia, ndugu yangu. Baridi iko inapita tu vile inataka. Donc, tunatoboa matundu kidogo kule inje, tunapiga pamba, Maman analala kama mutoto. Mimi sitakudanganya, tuko bandugu katika Bwana."

Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, na ndugu katika Bwana naye hupata chake kwa kila ukuta unaojazwa. Nilijua. Lakini nilikuwa nimekwisha kushika kalamu. Nilikuwa nimechoka na simu, na methali, na kanga ya dada. Nilitaka Mama abaki, na kama kubaki kwake kulihitaji nyumba ya kisasa itobolewe kama chujio, basi na itobolewe. Saa zangu za kazi zilikuwa zimepunguzwa, na mimi nilikuwa tayari kusaini.

"Kabla hajasaini," mke wangu alisema kutoka mlangoni, "fungueni hiyo soketi ya umeme mtazame ndani."

Shemasi alitabasamu. Alisema si lazima, kiganja chake kina miaka mingi kwenye kazi hii. Mama alikuwa anamwangalia, na mbele ya mama mzee mwanamume hawezi kukataa kufungua skrubu mbili. Tulizima umeme. Akafungua kifuniko, akapenyeza waya uliopindwa ncha pembeni mwa kisanduku, akavuta.

Ikatoka pamba. Ya waridi, imeshonana, imejaa tele. Akapenyeza upande wa pili, ikatoka nyingine. Tuliitazama sote ikining'inia kwenye waya.

"Bon," alisema shemasi. Akakohoa. "Iko."

"Iko," mke wangu alisema.

"Lakini tunaweza kuongeza."

Nilimwuliza mtu anaongezaje wali kwenye sahani iliyofurika.

"Tunashindilia," alisema, bila haya yoyote.

Mke wangu aligeukia kwingine. Alikuwa anaangalia sakafu. Nyumba yetu hupashwa joto na hita iliyo chini, na kila chumba kina kidirisha cha chuma sakafuni ambacho hewa ya moto hutokea. Akauliza cha chumba hiki kiko wapi. Mimi, mwenye nyumba ya kisasa, sikujua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na katika chumba kile sikuwahi kukaa zaidi ya dakika za kuaga.

Pembeni palikuwa na meza ndogo iliyofunikwa kitenge hadi chini. Tulikuwa tumeambiwa ni meza ya maombi. Mke wangu alipoinama kuelekea kule, Mama alisimama kwa mara ya kwanza.

"Hapo ni pa maombi."

"Samahani, Mama," mke wangu alisema, akapiga magoti kabisa, akanyanyua kitenge.

Kulikuwa na unga. Kulikuwa na maharage, magunia mawili, mchele, chumvi, mafuta ya kupikia yaliyopangwa kama askari. Chini ya magunia palikuwa na karatasi ngumu ya boksi, na pembe zake zote zimegandishwa sakafuni kwa utepe mpana wa kufungia mizigo, ule ninaouleta mwenyewe kutoka ghalani. Mke wangu aliinua ncha moja. Hewa ya moto ikampuliza usoni, ikapeperusha kilemba chake.

Shemasi alikuwa anasoma dari.

"Mama," nilisema, "ukuta hauna baridi. Wewe ndiye uliyeziba joto."

"Joto linaleta wadudu. Unga hautaki joto."

"Umekuwa unaganda tangu Desemba kwa ajili ya unga?"

"Mimi navaa koti," alisema. "Unga hauvai."

Mama huongea Kirundi akiwa na hasira na Kiswahili akiwa na hoja, na siku hiyo alibaki kwenye Kiswahili. Alirudi kukaa. Alisema mkwe wake aliuliza habari za koti mbele ya watoto, ikabidi ajibu kitu, akasema ukuta. Hakujua kwamba watu wenye akili zao watapanda gari mpaka Buffalo.

Kisha akaniuliza kama naikumbuka nyumba yetu ya kambini. Nikasema naikumbuka. Akauliza kama nakumbuka ukuta wa nyuma ya kitanda chake. Nikasema ulikuwa mnene.

"Haukuwa mnene. Zilikuwa kuta mbili."

Alikuwa amejenga ukuta wa pili mbele ya wa kwanza, na katikati ameacha nafasi ya mkono. Kila siku ya mgao wa chakula alichota kidogo, kikombe cha mahindi, kikombe cha dengu, akamimina mle ndani kwenye makopo, akaziba kwa tofali lisilogandishwa. Walipokata mgao nusu, na majirani wakawa wanalala na maji ya moto, sisi tulikula. Nakumbuka tulivyokula. Sikuwahi kuuliza chakula kilitoka wapi, na miaka yote hiyo nimekuwa nikisimulia kanisani kwamba Mungu alitulisha. Shemasi mwenyewe aliwahi kuitikia amina kwa ushuhuda huo.

"Hapa kwako niligonga kuta zote siku ya kwanza," Mama aliendelea. "Hizi za nje zimejaa. Nilijua kabla ya huyu baba na waya wake. Hazina nafasi hata ya kikombe. Dada yako alilalamika kwenye simu kwamba zake ni tupu, nikasema basi nitakwenda huko niweke akiba, mkikatiwa mjue pa kukimbilia. Naye amekwenda kuzijaza pamba."

Alilitamka neno pamba kama mtu anayetema ganda.

"Tukatiwe nini, Mama?" niliuliza. "Hapa hakuna mgao."

Alinyoosha kidole dirishani.

"Nakuona ukikaa ndani ya gari," alisema. "Dirisha langu linaangalia barabarani. Mwanzoni siku moja kwa wiki, sasa siku tatu. Baba yako naye walipompunguzia kibarua alikuwa akikaa nyuma ya nyumba mpaka jua lizame, kisha anakuja akijinyoosha mgongo."

Mke wangu alikuwa bado amepiga magoti, ameshika ncha ya boksi, na hewa ya moto ikimpuliza. Hakunigeukia. Nikasema kweli. Nikaisema mbele ya shemasi, mtu ambaye hawezi kuficha hata bei ya viatu vyake, kwamba saa zimepunguzwa tangu Desemba, na kwamba sijui zitarudi lini. Niliona aibu na pia nilipumua. Kalamu ilikuwa bado mkononi.

Mke wangu ndiye aliyesimama kwanza. Aliuendea ukuta mwingine, ule unaotenganisha chumba cha Mama na chetu, akaugonga kwa kidole. Ulilia kama ngoma.

"Huu mtupu," alisema. "Mama, huu hukuugonga?"

"Niliugonga."

"Sasa?"

Mama alishtuka kwa kweli. "Ule ni ukuta wa chumba chenu. Mimi mama mkwe nitatoboaje ukuta wa chumba cha mwanangu na mkewe?"

Hapo ndipo nilipoelewa adabu ya mama yangu ilivyo kali. Alikuwa tayari kutudanganya, kutusafirisha, kuganda miezi miwili na kutuhama aende mji wa theluji, lakini ukuta wa kitanda chetu hakuugusa.

"Mama," mke wangu alisema, "nimekuruhusu. Toboa."

Shemasi aliinua mkono kama mwanafunzi. Alisema, bon, kuta za ndani kweli ziko wazi, hazijazwi, na kati ya nguzo na nguzo kunatosha kopo kubwa. Alikwenda kwenye gari lake akaleta msumeno mdogo. Alipapasa mpaka akahakikisha hakuna waya wala bomba, akakata mlango wa mraba kwenye jipsamu, akauwekea bawaba na kitasa kidogo cha kabati. Ilichukua alasiri nzima. Mama alisimama nyuma yake akimrekebisha, na mara mbili alimnyang'anya penseli. Mtu aliyekuja kutuuzia ukuta uliojaa aliondoka ametutengenezea uliotobolewa, na hakukubali kulipwa chochote ila sahani ya maharage, ambayo Mama alimpakulia kidogo mno kwa sababu, alisema, maharage ni ya akiba. Jioni hiyo tuliihamishia akiba yote ukutani ndani ya makopo, tukaling'oa boksi sakafuni.

Jumapili tuliwapigia simu Columbus na Buffalo, nikawaambia ukuta wa Mama umetibiwa na Mama hahami. Dada aliuliza kama tulitumia mafundi wazuri kama wake. Mdogo wangu alisema, "Si niliwaambia? Usipoziba ufa." Nilimwachia. Mama alikuwa kando yangu, bila koti, anashona kifuniko kipya cha meza ya maombi. Meza ile sasa ni ya maombi kweli, au ndivyo anavyosema.

Saa za kazi hazijarudi. Siku ninazotoka mapema sikai tena garini. Naingia, Mama ananisukumia ungo wa maharage nichambue, na ananisuta ninavyoacha mawe. Asubuhi kabla ya kuondoka naugonga ukuta wetu mara moja kwa kifundo cha kidole, upande wa kitanda chetu. Siku ile ulilia kama ngoma. Sasa unajibu mzito. Na upande wa pili Mama naye anagonga mara moja, maana yake bado umejaa, nenda kazini.